Mzigo Mpya wa Mchicha

Jumatatu, 3 Machi

Kidole cha mguu cha wifi kina kidonda na kimeanza kuwa cheusi. Leo nimekiona kwa macho yangu. Siku zote hizi alikuwa anakificha ndani ya soksi, ananiambia kiatu kimembana. Kiatu! Nimemshika mkono nikampeleka zahanati, na njia nzima ananisema, eti tangu lini mke wa kaka yake amekuwa polisi. Nikamwambia tangu leo asubuhi.

Nesi hakucheka na sisi. Sukari iko juu mno. Kidonda kisipoonyesha dalili ya kukauka mwezi huu, daktari ataanza kuzungumzia kukata – kidole kwanza, halafu watatazama. Akamuuliza wifi anakula nini. Mboga, matunda na maji mengi, akajibu kwa sauti ya mwanafunzi wa mfano. Mwongo huyo! Mkate mweupe, biskuti za krimu na soda ya saa kumi, na mimi ndiye ninayemuuzia. Nesi akanigeukia: na dukani kwako, mama, kuna nini cha kijani? Nikafikiri kweli kweli. Sabuni ya kufulia.

Soko kuu ni mabasi mawili kutoka hapa. Kwa mguu ule hafiki hata kituoni. Anakaa hapa hapa juu ya duka langu. Anashuka ngazi, ananunua, anapanda. Kwa hiyo atakula nilicho nacho mimi, basi. Nikiwa na biskuti, ni biskuti.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Mtaani wanajua ameteguka mguu. Huyu alikuwa mwanamke wa kutikisa mtaa, na marobota yake ya nguo na sauti yake, na hataki kuonewa huruma na watu aliokuwa akiwavalisha. Sawa, wifi. Nimeapa. Lakini namshukuru Mungu soksi ile imevuliwa leo, si mwezi ujao.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu, mzee, alikuwa anawaza tangu jana. Wifi ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyempeleka kujifunza udereva. Leo wakati wa chai ameweka kikombe chini akasema jambo la maana kuliko yote aliyosema mwaka huu: basi la shule alfajiri ni tupu. Analichukua gereji, anapita nyuma ya soko kuu, ndipo anaanza kuzunguka kuchukua watoto. Viti vyote vile vinasafiri bure!

Kwa hiyo tutauza mboga. Nimembusu hapo hapo. Akatazama mlangoni, kama kuna mtu ameona. Na miaka yote hii ya ndoa!

Alhamisi, 6 Machi

Zimefika! Mchicha, karoti, kabichi, nyanya, matango, machungwa, vitunguu. Mzee ameteremsha makapu huku injini inaunguruma, amechelewa, jani la kabichi limeng'ang'ania begani. Nimeondoa krispi zote kwenye rafu ya mbele, nikaisugua, nikapanga. Nikapangua, nikapanga tena. Sijawahi kuona duka langu lina rangi namna hii. Nilikuwa natoka nje makusudi ili niingie tena kama mteja.

Mchana akaja mchoraji wa mabango. Nilimwambia nataka maneno mazito, yenye heshima. KONA YA AFYA. Akaniuliza aongeze na urembo kidogo pembeni? Nikasema ongeza, usiogope. Amefanya kazi safi, kijani juu ya nyeupe. Mimi huyu leo ni mwenye Kona ya Afya. Nimemshukuru mpaka akaona aibu.

Ijumaa, 7 Machi

Watu wananiuliza dawa ya kikohozi.

Wa kwanza nikamwambia sina. Wa pili nikamshangaa. Wa tatu nikatoka nje kutazama bango vizuri, kwa mara ya kwanza bila majivuno. Ule urembo ni msalaba mwekundu! Kumbe kazi nyingi za mchoraji yule ni za maduka ya dawa, mkono umejiendea wenyewe. Nimecheka mpaka nikakaa juu ya kreti. Mzee naye alipokuja akasimama mlangoni, akaniuliza daktari yupo.

Kilichonunuliwa kwenye rafu leo: vitunguu. Vitunguu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa nimeelewa, na sicheki tena.

Mama Pacha wa jengo la pili, mama wa wale mapacha wanaomaliza peremende zangu, alikuwa ameshika kabichi. Kabichi kubwa, ameipima mkononi, ameipenda. Mara akaingia Fundi Simu, jirani yangu wa ukutani, kununua vocha. Akaona kabichi, akaona bango, akavaa uso wa msibani.

"Pole sana, mama. Nani anaumwa nyumbani?"

Mama Pacha aliirudisha kabichi kana kwamba imemuunguza. Haumwi mtu, akasema, alikuwa anatazama tu. Akachukua mkate na soda kubwa, akaondoka hata hajanisengenyea jirani yake, jambo ambalo si kawaida.

Na Fundi Simu hana ubaya, hilo ndilo tatizo! Pole yake ilitoka moyoni. Wote wanaona hivyo hivyo. Nimeupaka ule msalaba rangi nyeupe, lakini maneno bado yapo, na watu wanapita mbele ya rafu yangu haraka haraka wakitazama upande wa sabuni. Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 10 Machi

Mchicha umekufa. Matango yamelegea. Nimebeba ndoo mbili kwenda kutupa na nilipita mlango wa nyuma nisionekane.

Hata wifi haji kwenye rafu! Mboga zake anazipata kwa kikapu anachokiteremsha kwa kamba kupitia dirisha la nyuma. Mimi najaza, yeye anavuta juu, kama tunaiba vya watu. Leo nilikuwa chini pale namwekea karoti, nikaanza kulalamika huku nimeinua shingo. Nikamwambia watu wa mtaa huu hawataki kitu kizuri, wanataka kufa na biskuti mkononi. Kichwa chake kikatoka dirishani.

"Wifi, umeandika afya. Afya inatafutwa na nani?"

"Na kila mtu."

"Na mgonjwa! Mzima aitafutie nini wakati anayo? Mimi nilikuwa nauza makoti yaliyovaliwa na watu tusiowajua. Ulishawahi kunisikia nikisema makoti ya kuzuia nimonia?"

"Ulikuwa unasema nini?"

Akakohoa. Akaweka kiganja mdomoni. Na ile sauti yake ya zamani ikatoka pale dirishani ikajaa uchochoro mzima: "Mzigo mpyaaa! Mzigo umefunguliwa sasa hivi! Wahi kabla hawajachambua!"

Madirisha ya jengo la nyuma yakafunguka. Wifi akarudi ndani mbio, kamba ikabaki inaning'inia na karoti zangu. Nimecheka. Halafu nikalia kidogo, nimesimama peke yangu kati ya mapipa ya taka. Tangu mguu uanze kumsumbua sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

Jumatano, 12 Machi

Bango limefutwa. Maneno mawili tu, nimeyaandika mwenyewe kwa brashi na herufi zimekwenda upande: MZIGO MPYA.

Mama Pacha alikuja karibu anakimbia, mfuko ameshaufungua.

"Mzigo gani? Nguo za watoto?"

"Wa mchicha."

Akanitazama. Nikadhani atanitukana. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kaunta. "Umefunguliwa saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Basi sogea nichague kabla wengine hawajapita na vizuri."

Na walichambua! Walizichambua kabichi kama blauzi – wanageuza, wanainua kwenye mwanga, wananyang'anyana. Mmoja akarudisha karoti, mwingine akaidaka hewani. Fundi Simu akaja kuona kelele za nini, akauliza kwa sauti ya mtaalamu kama bado kuna gredi ya kwanza. Nikamwambia gredi ya kwanza iko chini ya nyanya, ila asimwambie mtu. Akaondoka na tango, limekaa mfuko wa shati pamoja na bisibisi zake.

Mchana rafu ilikuwa tupu. Nimepanda ngazi kumweleza wifi kila kitu, mtu kwa mtu, nani kasema nini. Alinifanya nirudie ya blauzi. Mungu akubariki, wifi yangu, na ulimi wako mkali.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi sasa ana kazi. Mzee akifika na mzigo, nusu inapanda juu. Anakaa kitandani, mguu juu ya mto, anafunga mafungu: mchicha, nyanya, kitunguu, karoti, kila fungu linatosha sufuria moja ya jioni. Anafunga kwa fundo lile lile alilokuwa akifungia nguo. Watu wanaotoka kazini wamechoka, hawataki kufikiri. Wanachukua fungu, wanaondoka. Amesema fungu lisilo na rangi tatu lisishuke ngazi, litamwaibisha. Na anakula anachofunga. Nimeona sufuria yake mwenyewe.

Ndizi nimezishusha usawa wa macho ya watoto, peremende nikazipandisha juu karibu na mishumaa. Mapacha walisimama pale chini wakanitazama kwa hasira kabisa. Halafu wakachukua ndizi.

Mzee ana kesi shuleni. Watoto wanaliita basi la vitunguu. Mkuu wa shule amemwita ofisini, akamwambia harufu ile haifai, aingize hewa, afagie viti, na je, anaweza kumletea na yeye nyanya? Mzee anaisimulia kwa uso mkavu. Tumekula vizuri leo, tumecheka, nimeshiba na nina raha. Naandika ili nikumbuke kwamba siku kama hii ilikuwepo.

Jumatatu, 17 Machi

Joto. Saa nane mchicha unaanza kuinama, saa kumi umelala, na wateja wangu wengi ni wa jioni. Mama mmoja anayefanya usafi hospitalini alichukua fungu, akaligeuza, akalirudisha taratibu bila kusema kitu. Afadhali angesema.

Basi nikatazama duka langu. Kuna kitu kimoja tu kinachotoa baridi: lile friji refu la kioo, la kampuni ya soda. Rafu ya chini ilikuwa na chupa mbili tatu tu. Nikazipandisha juu, mafungu nikayaweka chini.

Saa kumi na mbili mchicha ulikuwa umesimama wima. Yule mama wa hospitali amechukua mawili! Ameniambia asante, mimi nikamwambia asante, tukashukuriana mpaka watu wa nyuma wakaguna.

Jumatano, 19 Machi

Amekuja kijana wa kampuni ya soda, Bwana Tai. Namwita hivyo kwa sababu hata jua liwake namna gani, tai haivui. Si mtu mbaya. Huniamkia vizuri, huomba maji, na maji yenyewe huomba ya bomba. Leo hakufika kwenye maji. Alisimama mbele ya friji akaikuta rafu ya chini imejaa mboga, nyingine zimeanza kupanda ya pili. Akatoa simu akapiga picha.

"Mama, friji hili ni la vinywaji vyetu tu. Ulielezwa."

Nilielezwa, kweli. Nikamwambia mboga zinakufa kwa joto.

"Si uziweke nje asubuhi tu?"

Nikamwambia watu wanarudi jioni. Akasema anaelewa, lakini yeye anatumwa. Jumanne atapita tena. Akikuta mboga humo, friji linaondoka. Kisha akauliza, na aliuliza kwa upole kabisa: kwani mboga zina nini, mama, mpaka uhatarishe biashara?

Kidole cha wifi kilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikakimeza. Nimeapa. Nikamwambia hazina kitu, watu wanazipenda tu. Hata mimi niliona jibu halina uzito.

Soda baridi ndiyo inayolipa pango. Bila friji, mtu mwenye kiu anavuka barabara anakwenda duka jingine, na akishavuka ananunulia huko huko na mkate. Najua hivyo.

Ijumaa, 21 Machi

Kidonda kinakauka!

Nesi alikifungua, akasogeza taa, akamwita mwenzake aje aone. Pembeni kumekuwa na nyama nyekundu, ile nyama nzuri. Sukari imeshuka. Haijafika mahali pake, lakini imeshuka. Wifi akauliza kama atavaa viatu vyake vya kisigino. Nesi akamwambia mama, kwanza tushukuru kuna mguu wa kuvalia.

Halafu akawa mkali. Endelea hivi hivi, akasema. Mkirudi nyuma kidogo tu, mnarudi kule kule, na safari hii sitakuwa na maneno mengine. Tumeitikia wote wawili kwa pamoja.

Njiani wifi alinishika mkono. Kwa kawaida mimi ndiye ninayemshika. Akanifinya, akaniambia kiganja changu kigumu kama cha fundi mwashi. Hiyo ni asante, namjua. Nilikuwa na furaha ya kuruka, na wakati huo huo nasikia Jumanne inakuja nyuma yangu. Sikumwambia habari za friji.

Jumapili, 23 Machi

Tumekaa mimi na mzee nyuma ya duka, juu ya kreti, tunapiga hesabu zisizokubali. Friji jipya hatuwezi mwaka huu. Ndoo ya barafu itadumu mpaka lini? Mafungu ya asubuhi peke yake? Wa asubuhi hawanunui mboga, wana haraka.

"Mwambie yule kijana habari za dada," akasema mzee.

"Nimeapa."

"Hata kama mguu..."

"Nimeapa! Mguu ni wake na siri ni yake. Wewe mwenyewe unamjua."

Akakubali kwa kichwa. Anamjua. Baadaye akasema duka ni langu na nikichagua friji hatanilaumu, nikichagua mboga hatanilaumu. Maneno mazuri, lakini nilitamani angechagua yeye, nimlaumu mimi.

Tulipoinuka nikaona dirisha la juu liko wazi. Mapazia yalikuwa yametulia. Sidhani kama amesikia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimejaribu kuwa na akili. Nimezitoa zote kwenye friji, nimezifunika magunia yaliyolowa, nikawa nayanyunyizia maji kila nikipumua. Karoti zimevumilia. Kabichi imevumilia. Mchicha saa tisa ulikuwa umelala kifudifudi, na mafungu yote ya wifi, yale mafundo yake mazuri, yamefunga kitu cha kijivu.

Kioo cha friji kilikuwa kinang'aa, chupa zimepangwa kwa rangi, Bwana Tai angefurahi. Nilisimama nikazitazama zile chupa. Hakuna hata moja itakayokausha kidonda.

Yule mama wa hospitali akaingia akauliza mzigo leo vipi. Nikamwambia samahani. Akachukua biskuti.

Basi! Nimetoa soda za rafu mbili za chini nikaziweka sakafuni, mboga nikazirudisha ndani, zilizo hai na zilizozimia. Waje wachukue. Sijutii. Mzee alipoona akaenda kuleta gunia jingine la karoti, bila swali, na nimempenda leo kama siku ya kwanza.

Jumanne, 25 Machi

Naandika hapa hapa kaunta maana sijui nifanye nini na mikono yangu.

Wamekuja wakati watu wanarudi kazini, foleni inafika nje. Bwana Tai, na wapagazi wawili na toroli. Aliniamkia vizuri. Akatazama kioo cha friji – mafungu, karoti, kabichi tatu zimekaa pale mbele kama wageni waalikwa – akafumba macho kidogo.

"Mama, si tulikubaliana?"

Nikamwambia hatukukubaliana, mwanangu. Wewe ulisema, mimi nikasikia.

Wakachomoa waya. Ngurumo ya friji ikakatika, na duka zima likanyamaza. Wakatoa chupa, wakatoa mboga wakaziweka kwa adabu juu ya kaunta, wakalilaza kwenye toroli wakaanza kusukuma. Mlango wangu mwembamba. Likaingia nusu, likasimama. Bado liko pale pale, nusu ndani, nusu nje.

Limesimama kwa sababu mbele yake kuna mtu. Wifi! Kwa mlango wa mbele, jua bado lipo, mbele ya mtaa wote. Gauni lake la kijani. Mguu mmoja una kiatu, mwingine una bandeji tu, hana soksi. Ngazi zote zile ameshuka peke yake, ameshika ukuta. Foleni ikampisha. Mtu akamwambia pole ya kuteguka.

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Tai.

"Marahaba, mwanangu. Friji hili mnalipeleka wapi?"

"Ghalani, mama. Limewekwa mboga. Utaratibu hauruhusu."

"Mboga hizo ni zangu."

Nikasema wifi, acha, rudi juu. Hakunitazama. Akawageukia watu, na ikatoka ile sauti, si ya kuuza, lakini ni ile ile.

"Nina sukari. Mguu huu haujateguka, niliwadanganya. Ulikuwa unaoza. Nimeambiwa nile mboga au nikatwe, na kwa mguu huu sifiki sokoni, nafika hapa kwa huyu wifi yangu. Mkiondoa friji, mboga zinakufa saa kumi. Zikifa, nakatwa mimi. Sasa sukumeni. Pitisheni toroli hapa, juu ya mguu wenyewe, tumalize mara moja."

Hakuna aliyesukuma. Nilidhani nitasikia pole, pole, pole, nikajiandaa kumkasirikia wa kwanza. Hakuna aliyesema pole. Mama Pacha alikuwa katikati ya foleni, mapacha wameshika sketi yake. Alisema bila kuinua macho:

"Mimi nina presha. Hata mume wangu hajui."

Kisha Fundi Simu, yule yule, anageuza vocha mkononi.

"Mimi pia ni sukari," akasema. "Tangu mwaka jana."

Kumbe! Wakati wote ule wa bango langu, wakati ule nawaona wapumbavu! Walikuwa wanapita pale wamekaza shingo, kila mtu na lake. Nimeshika kaunta. Nataka kumshukuru kila mmoja wao na sijui nianzie wapi.

Bwana Tai ametoka nje kupiga simu kwa mkubwa wake. Namwona pale nje, juu ya friji lililolala mlangoni. Mwanzoni alikuwa anaeleza mengi, mkono unakwenda hewani. Sasa anasikiliza tu, anaambiwa. Wifi ameletewa kreti, amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha mbele ya gurudumu la toroli, anamwuliza Mama Pacha presha yake ni ngapi kwa ngapi. Foleni haijaondoka hata mtu mmoja. Wanaotaka kuingia wanajipenyeza kati ya friji na ukuta, tumbo ndani. Mpagazi mmoja ameniuliza mchicha nauzaje.

Bwana Tai amelegeza tai. Sijawahi kumwona anafanya hivyo.

"Hapana, mkubwa," namsikia anasema. "Hapana. Njoo wewe uwaambie."